Urefu ya Papa Anaclet

Lubumbashi, 19 janvier 1975

Edith mutoto yangu, yambo.

Barua yako ilifika siku ya ine, André wa ku gare ya treni njo aliileta. Nilisha kuisoma mara tatu peke yangu, kisha nikaipeleka ku bomba ya maji, nikamuambia mama Annie jirani kama nimesahau lunettes za kusomea ku nyumba. Hivi akaisoma yeye kwa sauti, na bamama bote benye kupanga ndoo bakasikia. Alipofika ku neno «ordinateur» akasimama. Ile ni kintu gani? Nikamuambia ni mashine yenye akili kuliko bantu makumi, na mutoto yangu wa tumbo njo anaipatia akili. Akasahau ndoo yake mpaka ikajaa, ikamwangika. Sasa unieleze vizuri, juu ataniuliza tena, na mi sipendi kudanganya mara mbili juu ya kintu kimoja.

Hapa tuko bazima. Nyumba yetu yenye tunajijengea ku Ruashi inapanda, ukuta inafika ku madirisha. Chumba ya kwanza ni yako, na dirisha yake inaangalia barabara, bantu baone nani iko ndani. Papa yako anapanga matofali kila siku ya Mungu kisha misa. Anakohoa kiloko tu, ni vumbi ya ile mashine ya kuponda mawe ku kazi, unaijua. Usiiweke ku roho.

Bantu ba serikali balisema tuache majina ya ubatizo. Ku karatasi zao mi niko Kapya. Ku barua zako mi niko mama yako,

Honorine

Edith, mama yako alimaliza karatasi yote. Mi nasema paka neno moja: kula. — Anaclet


Kinshasa, 8 février 1975

Mama, yambo. Papa, nakula.

Kazi yangu iko hivi. Kila mufanyakazi wa mu mine, machimbo ya kampuni ya Papa, iko na karte ya karatasi ngumu, kila mwaka moja ya mupya. Ku ile karte habaandike na wino, banatoboa matundu: numero yake ya kazi, mwaka ya kuzaliwa, urefu, kilo, na vile picha ya kifua ilionyesha. Mashine inasoma matundu. Lakini bale banatoboa banakosaka. Bamoja banaandika urefu 171, bengine 1,71, na mashine inaamini kama iko na bantu bafupi kuliko sisimizi. Pahali bengine balisahau kutoboa, mashine inasoma sifuri. Mwezi ya kwanza nilikuwa na babaume mia tatu bale habana urefu hata kidole kimoja.

Tena, tangu bote balibadilisha majina, jina haisaidie. Tunafuata paka numero. Numero moja ikirudia, inafaa kujua: ni muntu moja mara mbili, ao bantu babili? Mi njo niliandika kanuni: numero ikirudia, tunabakisha karte ya mupya, tunatosha ya zamani, tunaitupa mu karato ya takataka. Mashine inatii bila kuuliza. Inajua kuhesabu, Mama, haijue kushangaa. Kushangaa njo kazi yangu.

Mwisho itakuwa liste ya bale bote kifua yao inaanza kuharibika. Bataitwa ku hôpital mbele ya kukawia. Ugonjwa ya vumbi ikikamatwa mapema, munganga anasema, muntu anaweza kuishi myaka mingi. Ikikawia, hakuna dawa. Papa asikose picha yake. Na hii ya liste ubaki nayo wewe peke yako, ni siri ya kazi.

Mutoto yenu, Edith


Lubumbashi, 2 mars 1975

Mutoto yangu,

Ya mashine nilisema yote ku bomba, ya liste nilibaki nayo. Niliwaambia: mashine ya Kinshasa haijue kushangaa, mutoto yangu njo anashangaa mahali yake, na banamulipa. Mama Annie akasema kama ni kushangaa tu, basi yeye pia angekuwa chef wa kazi tangu zamani, juu anashangaaka kila siku akiona vile mi najisifu. Bakacheka. Niliacha bacheke. Ya mama Annie, mutoto yake moja anauza mikate na mwingine analala.

Lakini niulize kintu. Bale bataitwa ku ile liste, nyumba yao ya kampuni itabaki na nani? Unamukumbuka Faustin, mwenzake papa yako? Aliitwa mwaka ilipita juu ya kifua. Kisha mwezi moja bibi yake alitosha vyungu inje, na mulango ikapewa muntu mwingine. Ile siku mi njo nilimushikia mutoto mugongoni akifunga mizigo. Sisemi kintu. Naulizia tu bibi ya Faustin, anapenda kujua.

Papa yako alipita picha mwezi ya kumi na moja. Ilitoka safi kama maziwa. Uweke ile mu mashine yako.

Honorine

Sikia mama yako. Kula. — A.


Kinshasa, 27 avril 1975

Mama, yambo.

Juu ya nyumba: chef yetu alisema mara hii habatatosha muntu mu nyumba yake, njo balikubaliana hivyo. Ni maneno ya chef, lakini mi namuamini.

Leo niko na maombi. Nataka kumushoneshea Papa abacost, ile koti ya bakubwa, ya kitambaa kizuri, avae siku ya kufungua nyumba ya Ruashi. Fundi wa hapa ni mukali, anataka vipimo vya kweli. Unipimie Papa: urefu yake yote, kutoka ku kisigino mpaka juu ya kichwa, na mikono, na mabega. Usikadirie, Mama. Mupime na mètre, bila viatu, asimame vizuri ku ukuta. Mi nakumbuka alikuwa anainama akiingia jikoni. Na ku mulango ya chumba, kwenye alikuwa anatupigia musumari kila mwaka juu ya kuona namna tunakomaa, musumari yake iko juu yetu bote. Lakini pengine mi nilikuwa mudogo. Pima.

Nakungojea sana ile barua. Sana.

Edith


Lubumbashi, 11 mai 1975

Edith yangu,

Abacost! Mama Annie hakulala. Nilimuambia kitambaa inatoka Ulaya. Ukiandika tena usiseme kintu kingine.

Nilimupima papa yako leo, kisha misa, ku ukuta, bila viatu. Mètre moja na makumi sita na ine. Mikono ni makumi tano na tano, mabega makumi ine na mbili. Unasema anainamaka jikoni: anainama juu ya moshi. Na ule musumari ya ku mulango, ile siku alivaa viatu ya kazi na kofia, juu ya kubachekesha, wewe na bandugu zako. Batoto bote banaonaka baba zao barefu. Ni Mungu anafanya vile, juu babaheshimu.

Makumi sita na ine. Nilipima mara mbili.

Mama yako, Honorine


Kinshasa, 29 juin 1975

Mama, Papa, yambo.

Koti inakuja na André, imefungwa mu gazeti. Rangi ni ya buluu nzito. Fundi alifuata vipimo vyako mpaka ku mwisho.

Kulikuwa na kintu ku kazi, karibu mwezi mbili kilinikataza usingizi. Siwezi kukiandika. Lakini barua yako ilinisaidia kukimaliza, na leo liste yetu iko tayari. Asante, Mama. Hujue namna ulinisaidia.

Papa, uvae, upige foto, unitumie.

Edith


Lubumbashi, 20 juillet 1975

Mutoto wa sifa,

Koti ilifika. Inamukaa kama ngozi yake. Alizunguka nayo mu kambi yote ya kampuni, bantu banauliza ni ministre gani anatutembelea. Foto haikuwezekana, mupiga foto alienda Mokambo, na baba yako mudogo Liévin pia iko kule anauza. Itapigwa bakirudi.

Nilifurahi kama nilikusaidia. Nilikuwa najua siku moja hata mi, ya darasa ya ine, nitasaidia ordinateur.

Honorine


Kinshasa, 12 octobre 1975

Mama,

Barua mbili, na Papa hakuandika hata neno moja chini. Hakuna foto. Aliniambia «kula» kila mara tangu nilitoka ku nyumba, leo anyamaze?

Liste ilitoka mwezi ya saba, bantu balisha kuitwa. Namushukuru Mungu kama Papa hakuwa mo mu liste.

Niandikie kweli. Edith


Lubumbashi, 2 novembre 1975

Edith,

Papa iko anapumuzika kiloko mu mukini, ku kijiji ya dada yake. Hewa ya kule ni nzuri. Kalamu haiko kule. Anasema ukule.

Mama yako


Lubumbashi, 22 février 1976

Edith mutoto yangu,

Télégramme ilikuambia paka siku papa yako alituacha: tatu février. Najua ndege haikupatikana, usijilaumu. Lakini télégramme ni maneno saba, na mi niko na maneno mengine. Nimekaa ku meza tangu asubui.

Papa yako hakuenda mu mukini. Nilikudanganya. Alikuwa hapa ku kiti, anavuta pumuzi kama muntu anavuta maji mu shimo ya mbali. Kalamu ilikuwa mo, mukono njo ilikataa.

Nianze mbele. Mwaka ya makumi saba na tatu picha yake ilitoka na kivuli. Munganga alimuambia mwaka ijayo arudi, baangalie vizuri. Papa yako alitaka kurudi. Mi njo nilikataa. Niliona vyungu ya bibi ya Faustin inje. Nikasema ngoja tufunge kwanza nyumba ya Ruashi, mwaka moja tu. Mwaka ya makumi saba na ine nilimutuma Liévin asimame mahali ya kaka yake. Pale banaita paka numero, habaangaliake uso. Liévin aliitika, akatosha shemizi, balimupima, akashika pumuzi, akatoka. Ilichukua wakati wa kuchemusha chai. Njo ile picha safi kama maziwa. Siku ile nilichinja kuku, Edith. Tulicheka. Papa yako hakucheka sana, lakini alikula.

Uliponiandikia juu ya koti, nilijua. Fundi wa nguo hapimake muntu kutoka ku kisigino. Nikafikiri: balituona, banatumia mutoto yangu juu ya kutukamata. Maneno ya chef yako sikuyaamini hata moja. Nikamuita Liévin kutoka kwake Bel-Air, nikamusimamisha ku ukuta, nikamupima yeye. Papa yako alikuwa ku kiti anaangalia. Alisema, Honorine, acha. Nikamujibu kama ni ya mwaka moja tu.

Koti ilipofika, aliivaa. Mikono iliishia huku juu, haikufika ku kifundo. Aliangalia mikono yake, kisha akaniangalia. Akauliza, ulimuambia mutoto nini? Nikaanza kumufungia vifungo. Akasema: «Basi, nitaivaa hivi hivi. Ni ya mutoto yangu.» Na aliivaa kila siku ya Mungu mpaka miguu ikakataa.

Tulimuzika nayo. Nilivuta ile mikono ya koti ifike, haikufika. Mama Annie njo alinitosha pale, akamukunja mikono juu ya kifua, bantu basione. Mama Annie yule yule.

Kampuni ilitupatia myezi mbili juu ya kutosha vyungu. Paa ya Ruashi iko nusu.

Wewe uko na masomo. Uniambie kama ile mètre niliandika ilifanya kintu. Pengine haikufanya. Pengine ilikuwa koti tu.

Honorine


Kinshasa, 14 mars 1976

Mama,

Papa alikuwa na karte mbili mu mashine. Sikuzitafuta, numero ilitoka ku mashine pamoja na zingine mia ine zinazorudia, na numero ya Papa naijua tangu nilikuwa naisoma ku gamelle yake ya chakula. Ya 1973 ilisema: urefu 171, kifua na kivuli. Ya 1974: urefu 164, kifua safi. Kufuata kanuni yangu, ya 1973 inatupwa mu karato. Lakini nilishangaa. Muntu hapungue sentimètre saba mu mwaka moja. Nikaitosha mu mashine, nikaiweka ku meza yangu. Pengine mutoboaji alikosa, pengine ni bantu babili. Kama 171 ni ya Papa, basi kivuli ni ya Papa, na jina yake inaenda ku liste. Sikukuambia, juu ni siri, na kama nilikosa ningebaogopesha bure. Njo nikatafuta maneno ya koti.

Ulisema makumi sita na ine. Mulango ya jikoni niliikumbuka vizuri, Mama. Musumari niliukumbuka vizuri. Nikasema: mama anajisifuka, lakini hajanidanganya hata siku moja. Nikatupa ile karte na mukono yangu.

Ku liste kulikuwa bantu makumi ine na moja ba kambi yetu. Beko ku hôpital ao balisha kurudi. Hakuna hata moja alitoshwa mu nyumba.

Ku kazi mi pia nilisha kuacha jina ya ubatizo.

Kabwe


Ruashi, 9 mai 1976

Kabwe, juu njo vile ulisaini. Ni jina ya nyanya yako, haiko mubaya. Nitalizoea.

Barua yako niliipeleka ku bomba, siku ya mwisho mbele ya kuhama. Nilimupa mama Annie. Nilikuwa na lunettes ku macho, aliziona. Nikamuambia, soma kwa sauti, mpaka ku mwisho. Alifika ku makumi ine na moja akataka kuacha. Nikasema soma. Bibi ya Faustin pia alikuwa amekuja kuteka maji. Alitua ndoo yake chini, akaja kusimama karibu na mi. Bote banajua sasa. Nilitumia myaka mingi kubaambia mazuri yako. Na hii ilifaa niwaambie pale pale.

Hapa chumba yako iko na paa. Zingine bado. Liévin anapanga matofali kila siku, hata zile za kazi, hakunywe tena. Sikumulaumu. Alisimama kwenye nilimuweka.

Siku ya kutoka mu nyumba ya kampuni nilimuambia angoe muti ya mulango, ule wa misumari. Ni kintu ya kampuni, najua. Bakiutaka, baje bauchukue Ruashi. Tuliubeba ku bega, mi mbele yeye nyuma, na leo ni muti ya mulango ya chumba yako. Musumari yako ya mwisho ni mètre moja na makumi sita na mbili, ulikuwa na myaka kumi na saba.

Viatu na kofia, nilikudanganya. Ile siku papa yako alitoka ku kazi, alikuwa amenawa miguu. Wewe mwenyewe ulipanda ku kiti juu ya kumupigia musumari, ukapiga kidole yake na nyundo, akacheka. Hukumbuke?

Karato balisha kuichoma, ile karte haiko tena. Najua. Lakini unasema mashine inatii. Basi utoboe ingine. Uweke numero yake. Karte ya vipimo ya Liévin uitoshe. Uandike kivuli, kama ilikuwa. Haitamusaidia tena, mi siko mutoto. Lakini siku bataulizia bantu ba ile mwaka, asipatikane pale muntu mufupi, mwenye kifua safi, alikufa bure.

Asubui nilipima, bila kukadiria, mbele ya Liévin, mara tatu. Kutoka chini mpaka ku musumari.

Mètre moja na makumi saba na moja.

Kula, mutoto.

Honorine